Ini la Bwana Kantilal

Nyinyi mnaonijua leo mnadhani mimi nilizaliwa nikijiamini, kwa sababu nikisimama mbele ya watu sauti yangu haitetemeki, lakini kuna ukumbi mmoja pale katikati ya Nairobi ambao hadi sasa nikiukaribia navuka barabara na kupita upande wa pili, hata kama upande huo kuna jua kali, na mume wangu akiniuliza kwa nini namwambia ni mazoezi. Si mazoezi. Humo ndani nilijiaibisha mbele ya wahasibu, mawakili na walimu wangu wote, nikiwa nimesukwa nywele vizuri na kuvaa viatu vya kuazima, na kibaya zaidi ni kwamba hakuna aliyenisukuma, nilijipeleka mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nasomea shahada ya pili chuo kikuu, na wasichana katika idara yetu tulikuwa wachache kiasi kwamba mmoja akikosa darasani mwalimu alijua kabla hajafungua mlango. Nilichagua kuchunguza swali ambalo wenzangu waliliona kavu kama mkate wa juzi: mkaguzi wa hesabu akipitisha vitabu vya chama au kampuni, halafu ikaja kugundulika kwamba ndani mlikuwa na wizi mtupu, je, sheria inamshika yeye, au inamshika mwizi peke yake?

Kwangu swali hilo halikuwa kavu hata kidogo. Kule kwetu magharibi mama yangu alikuwa mwanachama wa ushirika wa maziwa, na kila mwaka mkaguzi alikuja kutoka mjini, akanywa chai nyumbani kwa mwenyekiti, akapiga muhuri, akaondoka, na wanachama wakasomewa kwamba mambo ni shwari, mpaka asubuhi moja walipokwenda na mikebe yao wakakuta milango imefungwa na mwenyekiti hajulikani aliko. Mama hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Rispa, wewe umesoma. Huyo aliyekuwa akipiga muhuri, hakuona, au aliona?" Nami, pamoja na shahada yangu ya kwanza iliyotiwa fremu ukutani, sikuwa na jibu. Basi niliapa nitalitafuta, na nikiapa kitu huwa siachi (tabia hii imenisaidia sana, na siku ninayowasimulia ilinimaliza).

Msimamizi wangu aliitwa Daktari Mwaniki, mtu mpole mwenye shughuli nyingi, ambaye meza yake ilijaa karatasi za wanafunzi hadi ungedhani analima karatasi. Alinitafutia mtu wa kuhoji, Bwana Kantilal, mkaguzi wa hesabu aliyestaafu, ambaye inasemekana hakukuwa na kampuni kubwa mjini ambayo hakuwahi kuikagua. "Mzee amekubali kukuona Jumamosi nyumbani kwake, Kitisuru," Daktari aliniambia. "Ukitoka barabara kubwa, tembea hadi kwenye kona, utaona geti la kijani. Na usiruke swali la kwanza."

Swali la kwanza katika orodha yetu lilikuwa rahisi kuliko yote: jina la mhojiwa ni nani, na kazi yake ilikuwa gani.

Sasa hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, nikiwa ndani ya basi, nikijiona mwenye adabu. Nilijiambia, wewe Rispa, utakwenda kwa mzee wa watu, mtu maarufu, akukaribishe chai, halafu umkazie macho umwulize jina lake ni nani na alikuwa akifanya kazi gani, kana kwamba umemkuta stesheni? Kwetu hakuna mtoto anayemwuliza mzee jina lake usoni. Nikachukua kalamu, nikalikata lile swali kwa mstari. Nakumbuka hata nilitabasamu.

Nilishuka Westlands, nikapanda basi jingine, kisha nikatembea kwa miguu kati ya zile nyua ndefu za michongoma, hadi kwenye kona. Kulikuwa na geti la kijani upande wa kushoto. Kulikuwa na geti la kijani upande wa kulia pia. La kushoto lilikuwa na askari ameketi kwenye kigoda, na alipofungua mdomo nikajua ni mtu wa kwetu, basi tukasalimiana "mulembe, mulembe", tukaulizana kijiji, na moyo wangu ukatulia kabisa.

"Nimekuja kumwona mzee mkaguzi," nikamwambia.

"Mkaguzi? Ni hapa hapa, dada," akasema. "Mzee alikuwa mkaguzi miaka mingi sana. Ako nyuma kwa bustani. Pita."

Mzee niliyemkuta alikuwa na ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri na kofia ndogo ya kufumwa, ameketi peke yake akimenya chungwa. Nikamwambia natoka chuo kikuu, ninafanya utafiti juu ya kazi ya ukaguzi, na nimesikia yeye ndiye bingwa. Uso wake ukafunguka kama mlango. "Chuo kikuu," akasema. "Vizuri sana. Keti, binti. Watu wa siku hizi hawaulizi wazee kitu." (Baadaye nilikuja kujua kwamba alidhani natoka Kabete, pale ng'ambo, wanakosomea udaktari wa mifugo.) Akaita chai, ikaja na sambusa za nyama za moto, na mimi ambaye asubuhi nilikuwa nimekunywa maji tu sikuulizwa mara mbili.

Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu yeye alianza nacho na mimi nikaona fahari.

"Mzee," nikaanza, "mkaguzi akipitisha kitu, kumbe ndani kimeoza, lawama ni ya nani?"

"Ya mkaguzi," akajibu bila kusita. "Muhuri ni ya nani? Si ya mwenye mali. Ya mkaguzi."

"Hata kama mwenye mali alificha?"

"Lazima ataficha, hiyo ndiyo kazi yake. Ataosha, atapaka chumvi, atakata pahali pabaya atupe. Wewe unaangalia nje, unaona ni safi, amenona, anang'aa. Usiamini. Chana ini."

"Ini?"

"Ini haidanganyi," akasema, na kwa kisu cha machungwa akanionyesha hewani jinsi ya kuchana, kwa urefu, kisha kwa upana.

Hapa nyinyi mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Mimi niliyekuwa nimesoma vitabu nilijua mara moja kwamba mzee huyu anasema kwa mafumbo, kwa maana wanazuoni wa kweli husema kwa mafumbo, na mwanafunzi wa kawaida angebaki ameduwaa, lakini mimi, Rispa, nina sikio. Nikaandika: mnyama ni kampuni, chumvi ni udanganyifu, ini ni zile hesabu za ndani ambazo wakurugenzi hawataki zionekane. Mkono wangu ulikuwa ukikimbia.

Nikamwuliza swali nililolipenda kuliko yote, maana ndilo wataalamu walilokuwa wakibishania, kwamba je, mkaguzi anaweza kuchukua sampuli chache akazipima, akatosheka, au ni lazima apitie kila kitu? Nikalitafsiri kwa lugha yake ili ajue kwamba nimemwelewa. "Mzee, ni lazima uchane kila ini, au unachagua machache?"

Akanitazama kwa mshangao wa kufurahishwa. "Kila moja," akasema. "Usichague. Ile utakayoruka ndiyo itaua mtu."

"Na wewe, mzee, uliwahi kupelekwa kortini kwa ajili ya muhuri wako?"

Akaweka chungwa chini. "Mara moja. Watu walikula."

"Walikula," nikasema kwa huzuni, kwa sababu nani Kenya hii hajui maana ya kula.

"Harusi nzima ilikula. Ikawa taabu kubwa. Nikasimama mbele ya hakimu, akaniuliza, huu muhuri ni wako? Ilikuwa vita, binti. Lakini ilionekana muhuri uliibwa, wakaniachilia."

Nikaandika kwamba harusi ni kampuni mbili zilizoungana. Nawaambia ukweli, niliandika hivyo, na nikapigia mstari.

Nilipomuaga alinisindikiza hadi getini, akiegemea fimbo, na akaniomba jambo moja, kwamba kitabu kikitoka nimletee nakala amwonyeshe mwanawe. Nikaahidi. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya lile geti la kijani la pili, ilionekana baraza na mtu mwembamba ameketi mezani, na mbele yake birika. Nikampungia mkono kama jirani. Hakunipungia.

Jumatatu nilimwambia Daktari Mwaniki kwamba mahojiano yamekwenda vizuri kupita kiasi, akasema "safi", akarudi kwenye karatasi zake. Bwana Kantilal naye, kama nilivyokuja kusikia, alisafiri wiki hiyo kwenda kwa binti yake Kisumu akakaa huko siku nyingi, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuniokoa. Niliandika sura nzima juu ya ukaguzi wa ini. Nilisema, kwa ukakamavu wa mtu asiyejua kitu, kwamba mkaguzi mkongwe kuliko wote Nairobi amekataa katakata habari ya sampuli, na kwamba kwa maoni yake kila mkaguzi asiyepitia karatasi zote anastahili kushtakiwa. Daktari alirudisha sura hiyo na alama ya tiki juu na saini chini.

Kisha ikaja semina. Waliandaa mkutano wa wahasibu na mawakili, na Daktari akanipa nafasi ya kusoma matokeo yangu ya mwanzo, akaniambia waziwazi kwamba kati ya watakaosikiliza watakuwamo watu wanaoamua nani aendelee kupewa ufadhili na nani arudi nyumbani kufundisha shule ya msingi. Hapo ukakamavu ukanipanda kichwani. Kwa kuwa nakala za chuo zilikuwa mbaya, nikaipeleka kazi yangu mwenyewe River Road kwa mchapaji, itiwe jalada, na juu ya jalada, kwa herufi nene, nikaweka kwa Kiswahili (semina yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, lakini nilitaka watu wahisi utamu wa maneno yale): "USIAMINI KINACHONG'AA. CHANA INI." Na chini yake: Bwana Kantilal, mkaguzi mkongwe.

Mchapaji aliligeuza jalada huku na huku. "Hii ni ya buchari gani?" akaniuliza.

Nikamwambia achape.

Siku yenyewe nilifika mapema, nimesukwa Kenyatta Market siku moja kabla hadi ngozi ya kichwa ikawa inavuta macho, nikaweka nakala moja juu ya kila kiti kwa mkono wangu. Watu wakaingia. Nilimtafuta mzee wangu mwenye ndevu, sikumwona, nikasikitika, maana nilitaka asikie. Daktari Mwaniki aliingia akifuatana na mzee mwembamba wa suti ya kijivu na miwani, wakaketi mstari wa mbele. Yule mzee akaichukua nakala iliyokuwa kitini, akatazama jalada. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena, akatazama jalada.

Nikaanza. Na niwaambie, nilisoma vizuri. Nilisimulia habari ya ushirika usiotajwa jina, nikauliza lile swali la mama, kisha nikasema tunaye shahidi mkubwa, Bwana Kantilal, ambaye kwa bahati mbaya hakuweza kufika leo.

Nikaona Daktari Mwaniki anainua mkono kidogo kutoka gotini, kiganja juu. Nikafikiri anataka nipaze sauti. Nikapaza.

Nikasema Bwana Kantilal alinikaribisha kwake kwa sambusa za nyama. Mahali fulani katikati ya ukumbi mtu akakohoa. Nikasema Bwana Kantilal anaamini kwamba sampuli ni uzembe. Wahasibu wakaanza kutazamana. Daktari sasa alikuwa akipunga mikono miwili, polepole, kama mtu anayezuia gari, na mimi nikamtikisia kichwa kumwonyesha kwamba nimeelewa, nikaongeza mwendo. Nikasema, na hapa ndipo natamani ardhi ingenisaidia, kwamba hata yeye mwenyewe Bwana Kantilal aliwahi kusimama kizimbani, baada ya kuungana kwa kampuni mbili ambamo watu walikula, na akaponea chupuchupu.

Nilipomaliza walipiga makofi machache, yale ya adabu. Mwenyekiti akauliza kama kuna maswali. Yule mzee wa suti ya kijivu akasimama, ameshika nakala yangu kwa vidole viwili, na akazungumza Kiswahili, nadhani kwa heshima ya jalada.

"Jina langu ni Kantilal," akasema.



"Ninakaa Kitisuru. Jumamosi ile nilikaa barazani kumngoja huyu binti mpaka chai ikapoa, na nikamwona akitoka kwa jirani akanipungia mkono." Akafungua ukurasa. "Nyumbani kwangu nyama haijaingia, ya sambusa wala ya namna nyingine. Hata yai. Ini sijachana. Sijui hata linakaa upande gani. Kortini nimeingia mara nyingi, nikiitwa kama shahidi wa hesabu, na kizimbani sijasimama. Na habari ya sampuli, nimeitumia maisha yangu yote na nimewafundisha nusu ya watu walio humu. Sasa wateja wangu wa zamani watasoma hii. Ningependa kujua, binti, haya maneno ni ya nani?"

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji yanayofuata mfereji. Mtu akauliza, "Jirani yake anafanya kazi gani?" na mwingine aliyeonekana kumjua akajibu, "Si yule Mzee Bashir? Alikuwa mkaguzi wa nyama." Basi hapo ukumbi ukavunjika mbavu. Wahasibu wazima waliinamia viti. Mimi nilikuwa nimesimama nikiona herufi za jalada langu zikinitazama kutoka kila paja, INI, INI, INI, na mara kila kitu kikapangika kichwani mwangu, chumvi, kunona, kuchana kwa urefu na kwa upana, harusi iliyokula. Harusi ilikuwa harusi. Watu walikula nyama.

Mlango ulikuwa karibu. Niliupima kwa jicho, na nawaambia miguu ilikwishaanza. Lakini nikiwa nimegeuka nusu nikamfikiria mama, jinsi watakavyomwambia kwamba binti yake alikimbia, na jinsi atakavyouliza, sasa lile swali letu umemwachia nani? Nikarudi mbele ya kile kimeza nilichosomea.

"Mzee," nikasema, na sauti ilitetemeka, siku hiyo ilitetemeka, "maneno haya si yako. Niliambiwa nimwulize mhojiwa jina lake na kazi yake kabla ya jambo lolote, nami nikaona ni utovu wa adabu, nikaliruka. Nilimwuliza askari 'mkaguzi', basi, sikusema wa nini. Kosa ni langu. Naomba radhi mbele ya watu hawa wote, kwa sababu nimekusema vibaya mbele yao."

Kisha nikashuka, nikaanza kukusanya zile nakala, mstari kwa mstari, kiti kwa kiti. Hakuna safari ndefu niliyowahi kusafiri kama ile. Wengine walinipa bila kunitazama, wengine waliniomba wabaki nazo kama ukumbusho nikawanyooshea mkono mpaka wakatoa, mmoja alikuwa ameikalia na ilibidi ainuke. Na vile viatu vya kuazima vilikuwa vikilia kwa kila hatua.

Nilipokuwa katikati ya kazi hiyo wakili mmoja wa makamo akainua mkono. Hakuwa akicheka. "Nina swali la kisheria kwa mtafiti," akasema. "Kazi hii ina saini ya msimamizi. Alitia saini bila kugundua kwamba shahidi ni mtu mwingine. Kwa mujibu wa utafiti wako, sheria inamgusa?"

Daktari Mwaniki alikuwa anatazama viatu vyake. Huyu ndiye aliyenitafutia nafasi, ndiye angeandika barua ya kunitetea, na mimi nimebeba furushi la nakala mikononi kama mchuuzi wa magazeti. Ningeweza kusema sijui. Lakini hilo ndilo swali lililonileta Nairobi.

"Inategemea," nikasema. "Mkaguzi hatakiwi kudhani kila mtu ni mwongo. Akifanya kazi yake kwa uangalifu wa kawaida na bado akadanganywa, sheria haimshiki. Lakini kama dalili zilikuwa wazi mbele ya macho yake, asizifuate, basi muhuri ni wake na lawama ni yake. Kwenye kazi hii neno 'ini' limeandikwa karibu kila ukurasa. Ilikuwa dalili. Kwa hiyo, kwa mujibu wa utafiti wangu, inamgusa."

Daktari akainua uso. "Nilisoma kurasa mbili za kwanza na ukurasa wa mwisho," akasema taratibu.

"Yaani ulichukua sampuli," akasema Bwana Kantilal.

"Nilichukua sampuli."

"Mimi nilisema sampuli ni halali. Sikusema sampuli ya uvivu." Na kwa mara ya kwanza nikaona pembe ya mdomo wake ikicheza. Akanigeukia. "Na wewe, hilo jibu umelitoa kwa nani? Kwa Mzee Bashir?"

"Hapana, mzee. Hilo nimelisoma kwenye kesi, mwenyewe."

"Basi ungeanza na hilo," akasema, akaketi. "Jumamosi njoo. Geti la kulia."

Jumamosi nilikwenda. Alinikuta nimesimama nje ya geti la kulia nikimwuliza mtunza bustani jina kamili la mwenye nyumba, na la baba yake pia kwa usalama. Akaniketisha barazani, chai ya moto, chevda ya njugu na dengu za kukaanga kwenye bakuli, akasema, "Anza. Swali la kwanza." Nikamwuliza jina lake ni nani na alikuwa akifanya kazi gani. Akanijibu kwa urefu, bila haraka, kana kwamba hatujawahi kuonana, na niliandika kila neno huku masikio yakiwaka.

Nilimsimulia habari ya ushirika wetu na chai ya mwenyekiti. Hakucheka hata mara moja. Aliniuliza kama yule mkaguzi aliwahi kwenda kuiona mikebe, mashine, maziwa yenyewe, nikasema hakuwahi kutoka sebuleni. "Basi mwambie mama yako," akasema, "kama aliona, sijui, hilo liko moyoni mwake. Lakini alitakiwa kwenda kutazama, na hakwenda. Kwa sheria hilo linatosha kumwuliza maswali kortini. Kushinda ni jambo lingine." Nilimwandikia mama maneno hayo jioni ile ile. Ushirika haukufufuka, nisiwadanganye, na mwenyekiti hakupatikana, lakini wanachama waliweka wakili, na yule mkaguzi aliitwa mbele ya hakimu akaulizwa mlango wa kiwanda cha ushirika unafunguka upande gani. Hakujua. Mama alikuwapo, ameketi mbele, na aliniambia kwamba hilo peke yake lilimtosha kulala.

Lakini siku ile kabla ya kuondoka Kitisuru nilikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililokuwa zito. Nilivuka barabara hadi geti la kushoto. Mzee Bashir alikuwa pale pale bustanini, na aliponiona akauliza mara moja, "Kitabu kimetoka?" Alikuwa amekwisha kumwambia mwanawe, na wajukuu, na watu wa msikitini. Nikakaa chini, nikamweleza yote, kwamba sikutoka Kabete, kwamba sikujua yeye ni nani, kwamba maneno yake niliyatundikia jina la mtu mwingine nikayasoma mbele ya watu wakacheka.

"Walinicheka mimi?" akauliza.

"La, mzee. Walinicheka mimi."

"Maana yale niliyosema ni kweli. Kwa ng'ombe ni kweli."

"Najua."

Hakunipa chai siku hiyo, na alikuwa na haki. Kule kwenye semina nilivumilia, lakini kwa yule mzee, na lile chungwa lake, nilitoka nikilia njia nzima hadi stendi. Kesho yake nilikwenda Kabete kwa miguu yangu, nikawagongea walimu wa udaktari wa mifugo mlango mmoja baada ya mwingine, nikiwaeleza kwamba ng'ambo ya bonde yuko mkaguzi wa nyama aliyestaafu ambaye anajua kazi na anapenda kueleza. Watatu walinifukuza kwa upole. Wa nne alikuwa mama mmoja mkali, akaniambia nimlete. Nilimpeleka Mzee Bashir mwenyewe, amevaa koti la sikukuu, na nilikaa nyuma ya darasa nikamsikiliza akiwaonyesha vijana jinsi ya kuchana ini, kwa urefu, kisha kwa upana, na safari hii lilikuwapo ini lenyewe juu ya meza. Waliandika kila neno. Jina lake lilikuwa ubaoni, na kazi yake chini yake.

Mimi nilimaliza shahada yangu kwa kuchelewa, kwa sababu ile sura niliitupa yote nikaiandika upya, na ufadhili walinikatia kwa muhula mmoja, nikaishi kwa kufundisha masomo ya jioni. Sasa na mimi ni msimamizi, na mezani kwangu karatasi zimejaa kama zilivyojaa kwa Daktari Mwaniki. Wanafunzi wananilalamikia kwamba nawachelewesha, kwamba wenzao wa wasimamizi wengine wanarudishiwa kazi baada ya siku mbili, na mimi nakaa nazo mwezi, nasoma kila mstari, kisha nawaita mmoja mmoja na kuwauliza, huyu uliyemhoji ni nani, na ulijuaje kwamba ni yeye. Wengine wanaona ni dharau. Mwaka huu mmoja alikwenda kunishtaki kwa mkuu wa idara. Nimemwambia mkuu wa idara sibadiliki, na kijana akirudi na jibu nitamtilia saini siku hiyo hiyo.